Kiwanja cha ndege Moshi: kitunzwe kama urithi au kigawiwe watu wajenge?

Kibosho Juu:
Wadau za jioni. Nimechoka na maneno ya vijiweni eti kiwanja cha ndege cha pale Moshi mjini ni majani tu, KIA, uwanja mkubwa wa Kilimanjaro, ipo tangu 1971 kwa hiyo pakatwe viwanja. Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walipofungua safari ya London mpaka Cape Town mwaka 1932, ndege ikitoka Nairobi inashuka Moshi, ndio iende Dodoma na Mbeya. Moshi inapokea ndege za Ulaya, Arusha wanakula vumbi. Mimi nasema pabaki kiwanja na pawekwe chumba cha kumbukumbu. Semeni.

Chalii wa Kisongo:
Mangi hapo kwenye vumbi umeharibu, ungeongelea kiwanja chako ukaishia hapo. Leo mtalii wa Serengeti anapanda kandege wapi kama sio Kisongo, kiwanja chetu cha Arusha? Sisi tunarusha, nyie mnasimulia.

Mama Soweto:
Jibuni mada jamani. Nina vijana wamemaliza chuo hawana hata pa kuweka tofali, na nyie mnataka chumba cha picha.

Kibosho Juu:
Dada nakuja kwako, ngoja kwanza nimalizane na huyu. Kisongo ni biashara na historia ni kitu kingine. Mittelholzer yule rubani Mswisi alipita na ndege juu ya Kilimanjaro Januari 1930 akapiga picha kreta ya Kibo kutokea angani. Mlima wenu wa Meru nani aliufuata?

Chalii wa Kisongo:
Mittelholzer alikuwa kaleta tajiri kuwinda, akapitia mlimani. Kama hiyo ni historia yenu basi sisi tuna akina Grzimek, wale Wajerumani, Michael na baba yake, walihesabu wanyama Serengeti na ndege ya Dornier imepakwa milia ya pundamilia, na kijana akafia humo humo 1959 baada ya kugongana na tai mzoga.

Mama Soweto:
Huyo kafia porini, Arusha mjini imeingiaje?

Chalii wa Kisongo:
Kazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na Ngorongoro ni mkoa gani mama yangu?

Mzee wa Rau:
Wanangu, mnagombania wazungu. Kumbukumbu ya nani hasa? Zama hizo hakuna gari la mafuta, petroli inakuja kwenye madebe ya galoni nne, inamiminwa kwenye tenki taratibu kupitia ngozi laini ili maji na uchafu vibaki juu, maana maji yakiingia injini inazima angani. Sasa debe alibeba nani? Nyasi alifyeka nani, ng'ombe alifukuza nani ndege ikitaka kutua? Ni babu zetu, na sijaona jina la hata mmoja limeandikwa. Mkiweka chumba chenye picha ya Mittelholzer peke yake mimi nitakuwa wa kwanza kupinga.

Kibosho Juu:
Shikamoo mzee. Ndio maana nataka ardhi yenyewe ibaki, kazi yao ndiyo ile ardhi. Na Moshi haikuachwa kwa ubovu, 1937 Imperial walihamia ndege za kutua majini, wakafuata Kisumu, Mombasa, Dar, Lindi. Sisi bahari tungeitoa wapi?

Dereva wa Majengo:
Mnaanzia 1930 wakati ndege huku zilikuja na Vita ya Kwanza ya Dunia. 1916 skwadroni ya 26 ya Afrika Kusini ilikuwa Mbuyuni, ndege zao za BE2c zinawapeleleza Wajerumani wakati Smuts, jenerali wa jeshi la Waingereza, anakuja kuichukua Moshi.

Mama Soweto:
Mbuyuni ipi, pale sokoni??

Dereva wa Majengo:
Hapana dada, Mbuyuni ya huko mbele ya Taveta, upande wa Kenya.

Chalii wa Kisongo:
Kwa hiyo sasa urithi wa Moshi uko Kenya. Mnasikia wenyewe?

Dereva wa Majengo:
Chalii acha ushabiki, ndege haijui mpaka. Ilipaa kule ikaja kuzunguka huku juu ya vichwa vya bibi zetu, na waliokimbilia migombani ni watu wa huku.

Mzee wa Rau:
Mama Soweto, nikuulize kitu kimoja. Eneo lile likikatwa leo, watakaopata ni hao vijana wako au ni wenye hela zao?

Mama Soweto:
Mzee hilo ni la kugawa kwa haki, sio la kutunyima. Na Chalii bado hajanijibu, Grzimek alipaa Kisongo lini?