Kitabu cha vita kilichokumaliza kabisa: tupeane uzoefu

Kijana wa Jogoo Road

Niaje wazee na madada. Mi niko mwaka wa pili, nasoma fasihi, na wiki hii usingizi umekataa juu ya kitabu. Lekchara alitupa asaimenti tusome riwaya moja ya vita tuandike kurasa tatu, si muhtasari, muhtasari alisema ataurarua mbele yetu. Nikaenda kwa wale wa kutandaza vitabu chini huko tao, unainama unachagua, nikaokota All Quiet on the Western Front ya Erich Maria Remarque kwa mia na hamsini, jalada lishatoka. Niliichagua kwa sababu ni nyembamba, ukweli ndio huo.

Kwa wale hawajaisoma, ni ya Mjerumani, ilitoka 1929, na mwandishi mwenyewe alipigana kwa hiyo vita ya kwanza ya dunia. Paul na wenzake wametoka darasa moja, mwalimu amewahubiria uzalendo mpaka wakajiandikisha. Mi nilikuwa nangoja mabomu ndio yanilize, kumbe ni buti. Kuna rafiki yao Kemmerich amelazwa, mguu umekatwa, na Müller amekuja kumjulia hali lakini macho yote iko kwa buti za mgonjwa, ngozi laini ya njano, anauliza kama ataziacha. Nilimchukia huyo Müller! Halafu mbele kidogo nikashika kwamba hana roho mbaya, ni vile zake zinamuumiza na mtu wa mguu mmoja buti mbili atazipeleka wapi. Müller anakufa, buti zinakuja kwa Paul, na Paul naye ashaahidi mwingine.

Hapo nilikuwa kwa mat, jam ya jioni, mvua, nikaangalia miguu yangu. Nilikuwa na buti za mtumba za Gikomba, mia nane baada ya kubishana nusu saa, na ndani ya ulimi wa ile ya kushoto kuna jina la mtu limeandikwa kwa kalamu. Siku ya kununua nililiona nikacheka. Hiyo jioni nilipitishwa stage yangu na sikujua.

Nyinyi je? Kitabu gani, na ni kitu gani ndani yake hasa. Msiniambie tu "kilinigusa".

Mwalimu wa Zamu

Kijana, hicho nimekisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kama wewe na mara ya pili nikiwa nimekula chaki miaka kumi na miwili. Mara ya pili Paul sikumwona hata, nilimwona mwalimu, Kantorek. Kuna mwanafunzi mmoja mnene mpole, Behm, hakutaka kwenda, akasukumwasukumwa mpaka akaona aibu kubaki, na ndiye wa kwanza kufa. Mimi niliwahi kuwa na kijana wa kuchora, anachora mpaka nyuma ya karatasi ya mtihani, nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia michoro haijengi nyumba, chukua fizikia. Akachukua, akaanguka, akapotea. Si vita, najua, na hakuna aliyekufa. Lakini siku hizi nikianza kuhubiri darasani najisikia sauti nakatiza katikati, wanafunzi wanadhani nimesahau somo.

Shiro wa Kiambu

Yangu ni ya hapa hapa nyumbani, A Grain of Wheat ya Ngũgĩ, 1967. Likizo nilikuwa kwa shosho tunachagua maharagwe, nikawa namhadithia. Kwamba kuna jamaa anaitwa Mugo, kijiji kizima wanamwona shujaa wanataka awahutubie siku ya Uhuru, na kumbe ni yeye alimuuza Kihika, mpiganaji wa msituni, kwa mzungu. Sasa shosho alikuwa msichana mdogo wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni miaka ya hamsini, wale walitolewa kwao wakajazwa kwa vijiji vya kuzungushiwa mtaro, na mtaro wakachimbishwa wao wenyewe. Hajawahi kunisimulia hiyo kitu hata siku moja. Aliuliza tu, "Na huyo Mugo, alisema mwenyewe? Mbele ya watu?"

Nikamwambia ndio shosho, alisimama akasema. Akashika harage moja bovu akalizungusha na vidole muda mrefu sana. "Wetu hakusema. Alikuwa mzee wa kanisa, tulimzika vizuri." Kisha akaniambia niteleke maji.

Sina Makuu

Shiro we! Mi niko katikati ya hicho kitabu na umenimalizia 😭

Mdawida Umoja

Naona mnaongea ni kama vita ya Paul ilikuwa ya Ulaya peke yake. Ilifika kwetu Taita. Ukienda Taveta kuna kilima cha Salaita, Waingereza walitandikwa pale Februari 1916, na wachunga mbuzi bado wanaokota maganda ya risasi. Na nyinyi mkienda Kariokor kununua kiondo mjue hilo jina ni Carrier Corps, ulimi wetu umelitafuna tu. Hao ni wabebaji mizigo, walibebea jeshi la Waingereza chakula na risasi kwa vichwa mpaka kusini ya Tanganyika, makumi ya maelfu hawakurudi, na walioenda kwa risasi si wengi kama walioenda kwa kuhara na malaria na kula unga haujaiva. Wa ukoo wetu mmoja alichukuliwa hivyo. Paul anakufa Oktoba 1918, karibu vita iishe, huku kwetu watu walikuwa bado wana mizigo kichwani, maana von Lettow, kamanda wa Wajerumani huku, alisalimu amri Novemba 25, Ulaya ishanyamaza wiki mbili.

Pita Kenyatta Avenue, Nairobi, uone zile sanamu tatu, mmoja ni mbebaji. Maandishi yako kwa Kiswahili pia, yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Sasa tafuta jina hapo.

Kijana wa Jogoo Road

Nimetoka huko saa hii. Nimezunguka mara mbili, jamaa wa kupiga picha akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia natafuta majina, akacheka akasema hiyo kazi yake yuko hapo kila siku na hajaona hata moja. Mdawida, asante, asaimenti imefika kurasa saba na bado.

Sina Makuu

Na zile buti bado unavaa?

Kijana wa Jogoo Road

Navaa, sina zingine. Leo nimenyeshewa vibaya, soksi zimelowa chapa, na lile jina kwa ulimi limefutika, zimebaki herufi mbili za mwanzo. Nimezipitia tena na kalamu, hizo mbili tu, zingine sikuwa nimezishika.