Conclave: tunamjadili Papa huntha, Sista Shanumi tumemwacha wapi?

Ndugu zangu, ambaye hajaitazama Conclave, ile filamu ya mwaka 2024 kuhusu uchaguzi wa Papa, aishie hapa, maana nitaieleza hadi mwisho wake.

Kila ninapokaa na Wakatoliki wenzangu, tunagombania zile dakika za mwisho tu. Kardinali Benitez ameshachaguliwa Papa, ndipo inafichuka kwamba alizaliwa huntha: ameishi kama mwanamume maisha yake yote, kumbe ndani ana mfuko wa uzazi. Hapo ukumbi unagawanyika. Wapo wanaosema Kanisa limetukanwa, na hawako peke yao, kwani hata Askofu Robert Barron wa Marekani aliwahimiza watu waikimbie filamu hii. Wanashika kanuni ya 1024 ya Sheria za Kanisa, kwamba daraja takatifu, yaani ushemasi, upadre na uaskofu, hupewa mwanamume aliyebatizwa tu, na waraka wa Yohane Paulo II wa mwaka 1994 uliosema suala hilo limefungwa. Wengine wanashangilia, wanasema mlango wa wanawake umefunguka.

Mimi sikubaliani na upande wowote. Benitez hakujiumba. Watoto wa namna hiyo wanazaliwa humu humu kwetu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524. Kumwita "ajenda ya Wazungu" ni kumwonea binadamu kwa maumbile aliyopewa na Mungu. Lakini ushindi wa wanawake nao siuoni. Papa mpya amekwisha patikana, na masista bado wako jikoni.

Kinachoniuma ni kwamba hatumtaji Sista Shanumi. Huyu ni mtawa wa Nigeria ambaye, angali binti, alizaa na padre, mtoto akatolewa alelewe na wengine. Yule padre akapanda, akawa Kardinali Adeyemi, na uchaguzi unapoanza ni miongoni mwa wanaopewa nafasi kubwa. (Ameigizwa na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania.) Shanumi anahamishiwa Roma kuhudumia mezani, hajui kuwa kardinali mwingine ndiye aliyepanga aletwe ili mpinzani wake aanguke. Mpango unafaulu. Adeyemi anaukosa upapa, lakini anabaki kardinali na kura yake anaendelea kupiga. Shanumi anaondolewa. Nani alimwomba radhi? Mwanawe yuko wapi? Filamu haisemi, na hapo ndipo ninapoilaumu: imemtumia kumwangusha mwanamume, kisha ikamwacha, sawasawa na walivyomfanyia makardinali wake.

Kuna mama mmoja wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, aliyeniambia kinachomuudhi ni Mwafrika kupewa aibu hiyo ya uzinzi. Mama yangu, hata mimi iliniuma. Ila tukilia heshima ya kardinali wetu tu, huyu sista si Mwafrika? Si binti yetu?

Hali hiyo haikutungwa na watu wa sinema. Februari 2019 Papa Fransisko mwenyewe alikiri hadharani kwamba wapo mapadre na maaskofu waliowadhulumu masista kingono. Ni kweli pia kwamba kuna hatua zilizopigwa. Januari 2025 alimteua Sista Simona Brambilla wa Shirika la Consolata, lile lile linalojulikana Iringa na Nyeri, kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza idara kuu ya Vatikani, tena idara inayosimamia mashirika ya watawa. Nilifurahi sana. Ila sista wa parokiani kwetu akionewa leo, kilio chake kinafikaje huko?

Tazameni tena katika filamu Sista Agnes, msimamizi wa masista wanaowahudumia makardinali, anapoingia chumba cha kulia. Makardinali wamekaa, yeye amesimama. Anathibitisha kwa maneno machache tu nani alimleta Shanumi Roma, anapiga goti kidogo kwa adabu, anaondoka. Hakuna aliyemwomba azungumze.

Basi tuulizane tulichokwepa. Padre na sista wakipata mtoto, huko mliko nani huvuliwa shela na kurudishwa kwao, na nani huhamishiwa parokia nyingine akaendelea na Misa? Mapadre mliopo, na hasa masista mliopo, tunaomba mchangie.