Ghorofa la mama yake mheshimiwa: nitajuaje pesa zilitoka wapi bila kumsingizia mtu?

MamaKevo, Umoja

Hamjambo wenzangu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi tangu shule zifungwe.

Kwetu kuna mheshimiwa, mwakilishi wa wadi, yuko muhula wa pili. Jina silitaji na nawaomba nanyi msilitaje. Alipochaguliwa mara ya kwanza alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili kama sisi wengine. Leo mama yake ana ghorofa la orofa sita nyuma ya steji, na dada yake ana kampuni inayopata tenda za kaunti, kuzoa taka na kuzibua mitaro. Barabara yetu haijaona lami. Watu wakipita pale hunyoosha kidole wakasema lami ndiyo ile, imesimama.

Sasa kinachonisumbua ni kwamba yule mama namjua. Tumeuza naye mitumba soko la Gikomba miaka kumi na mmoja, meza yake na yangu zinagusana. Saa kumi na moja asubuhi tukifungua beli, yeye ndiye alinifundisha kutenga kamera, yaani nguo bora kabisa, kabla wateja wa kwanza hawajafika, na kutoona haya kubaki na fagia, yale masalio ya bei ya chini, jioni. Alikuwa na daftari la mistari, jalada la kijani, kila shati lililouzwa limeandikwa kwa biki ya bluu. Jumamosi hela ya chama ilitoka kwanza, ndipo anunue unga. Ule moto wa Juni 2018 uliowaua watu 15 ulimwachia daftari tu, kwa sababu alikuwa analala nalo nyumbani. Alianza upya na beli moja la mkopo.

Kwa hivyo mtu akisema mbele yangu kwamba mama yule ni mwizi, naumia. Lakini nikilitazama ghorofa naumia pia. Nimekaa na kalamu. Mshahara wa mwakilishi wa wadi si siri, ni kama laki moja na nusu kwa mwezi kabla ya makato. Miaka mitano ni milioni tisa, hata kama hakula wala hakulipa karo. Mama naye mwezi mzuri Gikomba alikuwa anabaki na elfu arobaini, najua kwa sababu nilikuwa nabaki na thelathini. Fundi aliyefanya kazi pale alimwambia mume wangu kwamba marumaru ya ngazi peke yake yalikula milioni moja na nusu.

Lililonifanya niandike ni la shule. Kitinda mimba wangu yuko Gredi ya 6 katika shule ya umma hapa karibu. Tangu Aprili robo ya uwanja imezungushwa mabati. Mlinzi anasema ni ya "mwekezaji". Watoto wanacheza mpira wakiegemea upande mmoja, na ukivuka mabati umekwenda. Watu wanasema ni familia ile ile, ila hakuna aliyeona karatasi. Mimi nataka kuona karatasi. Naanzia wapi? Na nikiuliza, naweza kushtakiwa?

Karani_UpperHill

Mama Kevo, pole sana. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, miaka tisa sasa kazi yangu ni mafaili ya kampuni na ya Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi.

Nakusihi utenge mambo mawili: ghorofa na uwanja. Ghorofa ni mali ya mtu hadi ithibitishwe vingine. Uwanja wa shule ya umma ni wako wewe na mwanao, na huhitaji kumshuku yeyote ili uulize. Anza na uwanja.

Unachohitaji ni nambari ya kiwanja. Bodi ya shule inapaswa kuwa nayo. Ikiwa haina, ramani za upimaji ziko Survey of Kenya kule Ruaraka. Ukishaipata, unafanya sachi, yaani unaomba jibu rasmi kwamba hati iko kwa jina la nani, ilitolewa lini, na kama kuna deni juu yake. Nairobi siku hizi hupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021. Ila jihadhari: Eastlands viwanja vingi havina hati, vina barua za ugawaji, na kumbukumbu zake ziko City Hall, makao ya kaunti. Sachi isipotoa kitu usidhani ardhi haina mwenyewe. Iandikieni kaunti barua, wazazi kadhaa mtie sahihi, mtaje Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Pelekeni nakala mbili na mgongewe muhuri kwenye moja. Barua isiyo na muhuri ni kama hamkuandika.

Ile kampuni ya dada: jina lake likionekana kwenye tenda, omba CR12, taarifa rasmi ya kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa walioandikishwa. Hapo ndipo mwananchi wa kawaida anagonga ukuta. Tangu 2020 kampuni hutakiwa kutaja mmiliki halisi, yeyote mwenye asilimia 10 ya hisa au zaidi, hata akiwa amejificha nyuma ya jina la mwingine. Lakini orodha hiyo haifunguliwi umma, huonwa na vyombo vya serikali. Nimesimama kwenye ukuta huo mara nyingi, na naamini uvumi wa mjini humu unazaliwa papo hapo. Mtu akifungiwa karatasi hujaza pengo kwa mdomo.

Kuhusu kushtakiwa: kosa la jinai la kashfa lilifutwa na Mahakama Kuu Februari 2017, kwa hivyo kosa hilo halikupeleki seli tena. Kesi ya madai bado ipo, na mheshimiwa anaweza kudai fidia. Kuuliza "uwanja huu ni wa nani" si kashfa. Kusema "fulani ameiba" bila karatasi ni jambo jingine.

Kijana_Donholm

Mimi nasema ukweli. Mtu wa Nairobi akiona jirani amejenga, lazima atafute mwizi. Mama amehangaika Gikomba miaka yote hiyo, kwani hawezi kuchukua mkopo wa sacco? Hawezi kuwa aliuza shamba la ushago? Mimi baba yangu alijenga Kayole kwa mkopo na majirani walisema ni majini. Mwacheni mama wa watu.

Karani_UpperHill

Ndugu, hoja yako ina uzito, na ina njia ya kupimwa. Mkopo wa benki wa mamilioni hauendi bila dhamana. Kama ghorofa lilijengwa kwa mkopo uliowekewa kiwanja hicho, rehani itaandikwa kwenye rejista na sachi itaionyesha, pamoja na jina la aliyekopesha. Shamba likiuzwa kuna mkataba, kuna ushuru wa stempu uliolipwa. Mali halali huacha nyayo. Huyo mama akiwa nazo zitamtetea kuliko mimi na wewe.

Mzee_Jericho

Nimesoma yote. Mimi ni mstaafu, niliingia kazi ya serikali nikiwa kijana na nimeyaona haya yakianza.

Zamani ilikuwa aibu kwa mtumishi wa umma kuwa na duka. Mwaka 1971 ripoti ya Tume ya Ndegwa, iliyochunguza utumishi wa umma, ikaruhusu afanye kazi ya serikali na biashara yake kwa pamoja. Nakumbuka wakubwa wetu walivyobadilika. Afisa anayegawa leseni akawa na mke mwenye lori. Anayegawa viwanja akawa na shemeji mwenye kampuni. Hakuna aliyevunja sheria, lakini tangu hapo ukimuuliza mkubwa mali imetoka wapi anakujibu "ni biashara ya familia", na huna pa kuishika.

Viwanja vya shule, vyoo vya umma, misitu, vyote vilikwenda hivyo. Nilikuwa hapa mjini 1989 Wangari Maathai alipopinga lile jengo refu la kusimamishwa Uhuru Park, wakamtukana, na jengo halikusimama. Nilikuwa hapa 1999 alipopigwa kwenye msitu wa Karura akitaka kupanda mti. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilipomaliza kazi mwaka 2004 ilikadiria hati zilizotolewa kinyume cha sheria kuwa kama 200,000, na ikaeleza jinsi kampuni zilivyoundwa kuficha majina ya waliogawiwa. Majina ya familia za wakubwa yamo. Ni wangapi walirudisha? Halafu Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road wakaangusha ukuta uliozingira uwanja wao, polisi wakawarushia gesi ya machozi. Watoto wadogo, na sare zao. Nililia siku ile, sioni haya kusema.

Familia za juu kabisa nazo zimeulizwa. Ripoti ya Kroll, kampuni ya uchunguzi, juu ya mali ya familia ya Moi iliandikwa 2004, ikavuja 2007, na haikufikishwa mahakamani ikathibitishwa. Oktoba 2021 nyaraka za siri zilizovuja, zikiitwa za Pandora, zikataja kampuni za ng'ambo zinazohusishwa na familia ya Kenyatta. Kuwa na kampuni ya ng'ambo peke yake si kosa. Nataja hayo mawili kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Jambo linasemwa, linatetemesha nchi wiki mbili, halithibitishwi wala halikanushwi kwa ushahidi, na shaka inabaki juu ya mwenye hatia na asiye na hatia kwa kipimo kimoja.

Sasa sikiliza hili, mwanangu, maana linamhusu rafiki yako. Sheria ya Maadili ya 2003 ilimtaka mtumishi wa umma atangaze mali yake, ya mke au mume wake, na ya watoto walio chini ya miaka 18. Mama mzazi hakuwemo. Dada hakuwemo. Mwana aliyetimiza miaka 19 hakuwemo. Ukitaka kujua kwa nini maghorofa ya Nairobi yana majina ya akina nyanya, sababu ni hiyo. Lakini sheria nyingine ya mwaka huo huo, ile ya kupambana na ufisadi, kifungu cha 55, inaipa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, nguvu ya kudai mali isiyoelezeka, na mahakama inaweza kuhesabu hata mali iliyowekwa kwa jina la mwingine kwa niaba ya mtuhumiwa, au aliyompa kama zawadi. Si maneno matupu. Aliyekuwa afisa wa fedha wa shirika moja la maji la serikali, Stanley Amuti, aliamriwa na Mahakama Kuu arudishe takriban milioni 41 alizoshindwa kueleza, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2019. Hakuhitaji kwanza kupatikana na hatia ya jinai.

Kwa hiyo karatasi zikifunguliwa siku moja, anayekaa mbele ya hakimu kuzieleza anaweza kuwa yule mama wa daftari la kijani. Kama ni rafiki yako, nenda ukamwone.

MamaKevo, Umoja

Narudi baada ya wiki mbili na nusu. Asanteni, na Mzee Jericho, Mungu akuweke.

Barua ya uwanja imekwenda. Wazazi kumi na saba tumetia sahihi, City Hall wamegonga muhuri kwenye nakala yetu baada ya kutuzungusha madirisha matatu. Mwalimu mkuu aliogopa kutupa nambari ya kiwanja, tukaipata kwa mwanabodi mmoja aliyestaafu. Jibu halijaja.

Nilikwenda kwa mama. Nilipanda zile ngazi za marumaru na kilo mbili za sukari mkononi, magoti yakinitetemeka. Anaishi orofa ya kwanza, chumba kimoja na jiko. Orofa nyingine zote ni za wapangaji, na kodi, aliniambia mwenyewe, hailipwi kwake. Huingia kwenye nambari ambayo haijui.

Sikumzungusha. Nilimwambia watu wanavyosema, na kwamba nimeuliza watu mambo haya bila kumtaja jina. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaenda chumbani akatoka na daftari la kijani, lile lile, na mfuko wa karatasi wa kaki. Daftari nililitambua, hata ukurasa wa Disemba tuliouza sweta za watoto hadi saa mbili usiku. Akasema, "Hii ndiyo mali yangu. Hii nyingine mwanangu aliniletea nitie sahihi."

Mfukoni mlikuwa na karatasi kama ishirini, zote za Kiingereza. Sahihi yake iko kila mahali, ile ya herufi kubwa anayoiandika polepole kana kwamba anashona. Mimi Kiingereza changu ni cha darasa la nane, nikasoma nilichoweza. Moja ilikuwa ya kampuni, na yeye ameandikwa mkurugenzi. Hakujua. Aliniuliza mkurugenzi ni nani hasa, nikamweleza kwamba ni yule anayeulizwa mambo yakiharibika.

Hakulia. Aliniuliza tu kama mtoto wangu bado anacheza mpira, nikamwambia anacheza, ila uwanja umepungua. Akaangalia dirishani. Kutoka kwake mabati yale yanaonekana vizuri, hata rangi ya kutu kwenye misumari.

Nimemwomba ruhusa niandike haya na ameniruhusu, bila jina. Karani, nakuomba kitu kimoja: kuna wakili anayeweza kumkalisha mama kama huyu na kumsomea karatasi zake zote kwa Kiswahili, na bei asimuumize? Zimebaki kama kumi na mbili sikuzielewa, na mbili zina ramani ndogo ya kiwanja yenye nambari. Sikuinakili, niliona si haki mbele yake. Amenitaka nirudi Jumamosi baada ya soko, nije na miwani. Nitakwenda.