Nikinywa bia, kesho yake misuli huuma na ngozi haitaki kuguswa: tatizo linaweza kuwa nini?

Mkazi wa Tabata:

Ndugu zangu, habari za leo. Naomba msaada wenu katika jambo linalonisumbua tangu mwaka jana. Nina umri wa miaka 41, ni fundi seremala, na si mnywaji wa kila siku. Jumamosi tukishafunga karakana hukaa na wenzangu na kunywa bia nne au tano za chupa kubwa. Jumapili asubuhi kichwa hakiniumi hata kidogo, lakini mapaja, mabega na mgongo huuma kana kwamba nimeshinda nikibeba mbao, na ngozi ya mbavuni na ya mapajani huwa haitaki kuguswa. Shati likipita juu yake nahisi kama nimechubuka, ilhali nikijitazama kwenye kioo sioni upele, wekundu wala uvimbe. Wiki iliyopita nilipanda daladala iliyojaa, abiria mwenzangu akaniegemea ubavuni, nikashindwa kuvumilia na kushuka kabla ya kituo changu.

Hali hiyo hudumu mpaka Jumatatu jioni, pengine Jumanne. Homa sina. Nimepima malaria mara tatu na haikuonekana. Kwenye duka la dawa huniuzia diklofenaki na parasetamoli, nikavimeza vyote viwili na kupata nafuu. Kinachonitatiza ni kwamba nilipokuwa kijana nilikunywa zaidi ya hapo bila kupatwa na lolote. Je, kuna aliyewahi kupatwa na hali kama hii?

Dereva wa Gongo la Mboto:

Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya mengine yote, nakuomba uangalie rangi ya mkojo wako siku mwili unapouma, kwa sababu mimi sikuangalia mapema na nusura nipoteze figo.

Ilikuwa baada ya harusi ya mdogo wangu. Nilikunywa pombe kali bila kula, nikalala sakafuni nikiwa nimeulalia mkono wa kulia mpaka saa sita mchana. Nilipoamka, mkono ulikuwa umevimba na kukakamaa, na mapaja yaliuma kiasi kwamba kuchuchumaa kulinishinda. Mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Nilidhani ni upungufu wa maji tu kwa sababu ya joto, nikanywa maji na kurudi kulala. Siku ya pili mkojo ukawa kidogo mno, ndipo ndugu zangu wakanipeleka hospitali. Daktari alinieleza kwamba misuli ilikuwa imevunjika na vilivyokuwa ndani yake vimemwagika kwenye damu, na kwamba vitu hivyo ndivyo vilivyoupa mkojo rangi ile na kuanza kuziba figo. Nililazwa siku nne nikiwekewa dripu mfululizo. Kama mkojo wako umewahi kuwa na rangi hiyo, usisubiri Jumatatu.

Afisa Tabibu Mstaafu:

Ndugu mkazi wa Tabata, nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja, na nafurahi kwamba umetenganisha maumivu ya misuli na yale ya ngozi, kwa kuwa wagonjwa wengi husema tu kwamba mwili wote unauma. Nitayaeleza kwa kadiri ninavyoyafahamu baada ya kuhudumu miaka mingi katika vituo vya afya vya jiji hili, ingawa maelezo yangu hayawezi kuchukua nafasi ya mtu atakayekuona na kukugusa.

Kwanza tukitazame kiasi chenyewe. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi, kwa hiyo chupa tano ni gramu 100. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 kwa mkao mmoja kuwa unywaji wa kupindukia, nawe hufikia hapo kwenye chupa ya tatu. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, hivyo unapoamka Jumapili mwili wako bado uko kazini. Kilevi kikiwa bado kimo kwenye damu hupunguza maumivu, na kinapokwisha maumivu hayo hurudi kwa nguvu. Isitoshe, kinga ya mwili hutoa kemikali za aina ileile inazotoa mtu anapougua mafua makali, nazo humfanya ahisi mwili kuvunjika na ngozi kuwa nyepesi ya maumivu hata pasipo homa. Usingizi wa pombe nao ni wa kukatikakatika, na mtu asiyelala vizuri huvumilia maumivu kidogo kuliko kawaida yake. Kwa watu wengi mambo hayo yanatosha kueleza siku moja ya taabu. Kwako wewe, siku mbili au tatu, tena kila wiki, ni nyingi mno kuachiwa maelezo hayo peke yake.

Kilevi pia ni sumu ya moja kwa moja kwa misuli, hasa misuli mikubwa ya mapaja na mabega, na hudhuru zaidi mtu anapokunywa kingi kwa wakati mmoja. Aliyosimulia ndugu dereva ndiyo hali mbaya kabisa ya madhara hayo. Kipo kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, ambacho maabara hukiita CK, na hufaa kichukuliwe siku ileile mwili unapouma.

Ngozi isiyotaka kuguswa na nguo hunifanya niifikirie mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo huhitaji vitamini B1, na pombe huuzuia utumbo usiinyonye ipasavyo. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, na anayeishi kwa wali mweupe na sembe iliyokobolewa huipata kwa uchache, tofauti na anayekula dona, maharage, kunde na karanga. Hata hivyo pombe si sababu pekee ya mishipa ya fahamu kuharibika. Kisukari huiharibu zaidi, na dawa ya isoniazidi inayotumika dhidi ya kifua kikuu huweza kuiharibu pia, ndiyo sababu hutolewa pamoja na vitamini B6. Dawa za kushusha lehemu nazo huumiza misuli kwa baadhi ya watu, na unywaji mwingi huongeza uwezekano huo. Basi naomba unijibu: unatumia dawa yoyote ya kila siku? Miguu huwaka moto au kufa ganzi usiku? Jumamosi hula nini kabla ya kunywa? Je, kuna tezi iliyovimba shingoni au kwapani, jasho jingi la usiku, au umepungua uzito? Ni nadra, lakini ipo saratani ya tezi ambayo huuma mara tu mtu anapokunywa, na kifua kikuu cha tezi kiko kwetu hapa, kwa hiyo sipendi kuacha kuuliza.

Kuhusu dawa unazouziwa, nakusihi uache kumeza diklofenaki kesho yake baada ya pombe. Ikikutana na tumbo lililochunwa na kilevi huweza kulitoa damu, na kama misuli inavunjika, figo zako zinakuwa zimebebeshwa mizigo miwili. Parasetamoli nayo kwa mtu mzima haizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na kwa mnywaji kiwango hicho hushushwa ili kulinda ini.

Mama wa Mbagala:

Mwanangu, wasije wakakushauri kuzimua. Mume wangu alianza kwa kunywa moja tu Jumapili asubuhi ili mwili ulegee, na kweli ulikuwa ukilegea, mpaka ikawa hawezi kuanza siku yoyote bila hiyo moja. Alipoamua kuiacha ghafla, siku ya pili alianza kutetemeka, akapata degedege mbele ya watoto. Wewe hujafika huko na namshukuru Mungu, lakini anayesoma hapa naye hunywa kila siku asiache peke yake nyumbani, aende hospitali wamwachishe kwa dawa.

Mkazi wa Tabata:

Shikamoo, mzee, na shikamoo, mama. Ndugu dereva, nashukuru. Mkojo wangu haujawahi kuwa mweusi. Mzee, situmii dawa yoyote ya kila siku, tezi sina, na uzito sijapungua. Jumamosi kwa kweli sili kitu tangu chapati za asubuhi mpaka nirudi nyumbani. Ila swali la miguu limenishtua. Nyayo huwaka moto usiku hata wiki ambazo sikunywa, nami nilikuwa nikilaumu viatu vya kazini. Pia huamka mara mbili au tatu kwenda haja ndogo. Marehemu baba alikuwa na kisukari.

Afisa Tabibu Mstaafu:

Marahaba. Basi kesho asubuhi, kabla hujala wala kunywa chai, nenda ukapime sukari, na umweleze mhudumu habari za nyayo na za baba. Bia iweke kando mpaka upate jibu.

Mkazi wa Tabata:

Narudi baada ya wiki tatu kutoa taarifa. Sukari ya asubuhi ilikuwa 9.4, na kipimo cha pili, kile cha wastani wa miezi mitatu, nacho kimethibitisha kisukari, nami nimeanza vidonge. Daktari aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo kwa kipande cha pamba na kuniuliza ni wapi. Nilikuwa bado nasubiri aanze, aliponiambia kwamba amekwisha kugusa mara sita.

Alisema mishipa ya fahamu ilikuwa imeshadhoofishwa na sukari, na pombe ya tumbo tupu ikawa inaitonesha kila Jumamosi. Sijanywa kwa Jumamosi tatu sasa, na mapaja hayajauma hata mara moja. Ngozi ya mbavuni imepungua ukali, ingawa shuka la usiku bado nalihisi. CK ilikuwa ya kawaida, lakini daktari alisema hiyo haishangazi kwa kuwa nimeipima nikiwa sina maumivu. Nimepewa tarehe ya kurudi mwezi ujao, na mke wangu amesema tutakwenda pamoja ili naye aulize kuhusu chakula.