Tupeane uzoefu: simu gani imekufaa, na siku gani simu ilikuliza? (Unguja na Pemba)

Mwalimu wa Wete
Assalaam aleikum ndugu zangu. Jana simu yangu imeniponyoka pale bandarini Wete, nashuka ngazi na mzigo mkononi. Kioo kimepasuka, nusu ya juu ukiigusa haisikii. Fundi kanitajia bei ya kioo kipya, nikaona heri niongeze pesa ninunue nyengine. Nina laki nne na nusu.

Nilipoiona imelala chini nikaikumbuka simu yangu ya mwanzo, Nokia 1100, ile ya tochi. Mwisho wa 2009 nilikuwa nasoma Unguja, nakaa kwa ami yangu Jang'ombe. Umeme ukakatika kisiwa kizima mwezi wa Disemba, ukarudi Machi 2010. Waliokuwepo wanajua, ndoo za maji kila kona na majenereta yananguruma Darajani mpaka usiku. Simu tulikuwa tunapeleka kutiwa chaji kwa mwenye jenereta, unaandikiwa namba, unangoja. Kitochi changu nikikitia chaji Ijumaa kinanifikisha Jumanne. Hii ya tachi natoka nyumbani asubuhi imejaa, baada ya sala ya alasiri naanza kuomba chaja kwa watu.

Mie natumia WhatsApp ya wazee wa skuli, kutuma pesa kwa simu, darsa za YouTube, na picha za karafuu kumtumia kaka yangu Muscat. Samsung, Tecno, Infinix, Redmi au iPhone iliyotumika? Tupeane uzoefu. Na mwenye kisa chake akilete.

Kijana wa Michenzani
iPhone. Kwa pesa hiyo unapata iliyotumika, safi kabisa, inatoka Dubai. Ukishika iPhone hutaki tena nyengine.

Bi Mwani
Mwalimu, kisa changu hicho hapa.

Mie nalima mwani Jambiani. Maji ya bamvua yakitoka tunashuka asubuhi tunakwenda mbali, tunakaa huko masaa, na simu huwa naifunga ndani ya mfuko wa plastiki kisha naipiga fundo kwenye kanga kifuani. Miaka mitatu haijawahi kupata hata tone. Mwaka jana mwanangu alikuwa na mtihani wa Fom Foo, akaniambia mama usizime simu nitakupigia nikitoka. Basi siku ile sikuifunga vizuri kwa sababu nilitaka niisikie. Nikainama kukaza kamba, fundo likafunguka, simu ikatumbukia. Maji yenyewe ya magoti tu! Niliiokota haraka nikaipangusa, ikawaka, nikamshukuru Mungu. Mwanangu akapiga, tukazungumza, ananiambia mtihani umekwenda vizuri. Baada ya nusu saa ikaanza kupata moto mkononi kama nimeshika chungu. Ikazima, haikuwaka tena.

Ndani mlikuwa na hesabu zangu zote za mwani, nani nimemuuzia kilo ngapi na nani hajanilipa, kwa sababu mie nilikuwa naandika kwenye simu. Wawili walilipa kwa uaminifu wao. Waliobaki mpaka leo tunapishana njiani.

Mjukuu wa Kojani
Ungeitia kwenye mchele dada.

Bi Mwani
Niliitia. Siku tatu.

Fundi Mkunazini
Naomba wote mnisikilize hapa, maana kila wiki naletewa simu ina chembe za mchele kwenye tundu la chaji. Mchele hautoi chumvi! Apple wenyewe mwaka 2024 waliandika kwenye maelekezo yao kwamba simu ya maji isitiwe kwenye mchele, chembe zake zinaweza kuiharibu. Kinachoua ni chumvi ya bahari pamoja na umeme wa betri. Simu ikiingia baharini, izime papo hapo, usijaribu kuona kama inawaka, wala usipokee simu ya mtu. Usiitie chaji. Mletee fundi siku hiyo hiyo aifungue aisafishe bodi kwa spiriti. Ikilala usiku mmoja imeshaota kutu ya kijani.

Na wale wanaosema simu yao haipitishi maji, alama ya IP67 au IP68 inapimwa kwa maji yasiyo chumvi, yaliyotulia, tena simu ikiwa mpya. Kupigwa na mawimbi ya Nungwi ni kitu chengine.

Mjukuu wa Kojani
Fundi, mie ya kwangu ilipona kwa mchele. Ilianguka kwenye ngalawa, maji ya ngama, yale yanayojaa chini ya chombo. Mpaka leo natumia.

Fundi Mkunazini
Ilipona kwa kudra, sheikh. Mchele haukufanya kitu.

Mjukuu wa Kojani
Na nyinyi mafundi mnataka kila kitu kije kwenu mpate pesa.

Bi Mwani
Msigombane. Mwalimu kauliza simu.

Fundi Mkunazini
Sawa. Mwalimu, huyo kijana wa iPhone muulize ni iPhone ipi. Kwa bajeti kama yako mara nyingi utaonyeshwa 8 au X, na hizo mfumo wake uliishia iOS 16, matoleo makubwa ya baadaye hazipati. Ukiipata, ingia kwenye mipangilio ya betri utazame afya yake, ikiwa chini ya asilimia 80 jua betri unanunua nyengine. Hakikisha anayekuuzia ameitoa akaunti yake mbele ya macho yako, la sivyo umenunua kigae. Piga *#06# itokee namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya kwenye boksi. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozizima simu bandia nchi nzima? Watu walikuja kwangu wanalia, simu nzima lakini haishiki mtandao.

Na jengine. Ndugu zetu walioko Marekani wanatuma zawadi kwa moyo safi, lakini iPhone 14 na kuendelea za soko la Marekani hazina kabisa tundu la kadi ya laini. Zinataka eSIM, laini ya ndani isiyo na kadi. Juzi mzee mmoja kanijia kutoka Bububu, kaigeuza simu pande zote anatafuta pa kutia laini. Kabla ya kutumiwa, waambieni.

Kijana wa Michenzani
Bora iPhone kuukuu kuliko Tecno mpya. Zile za Kichina.

Mpiga Picha Chake
Ndugu yangu, iPhone yenyewe kwa miaka mingi inaungwa Uchina, siku hizi na India. Tecno, Infinix na itel ni watoto wa tumbo moja, kampuni inaitwa Transsion, ya Shenzhen, kwa hiyo anayegombana Tecno na Infinix anagombanisha ndugu. Wana mpaka kiwanda Ethiopia. Mie napiga picha za harusi na nawaheshimu kwa jambo moja, kamera zao walizitengeneza kwa kuzingatia ngozi zetu. Bibi harusi akikaa ndani na taa ya manjano, simu nyengine humtoa kama kivuli, au humpaka unga akawa si yeye. Kwa Mwalimu anayetaka chaji ikae, betri kubwa na laini mbili, Infinix au Tecno hatojuta.

Mama Sabra
Samsung. Ninayo mwaka wa nne, imeanguka mpaka imechoka. Wallahi sina la ziada.

Fundi Mkunazini
Mama Sabra kasema kweli, na sababu ipo. Samsung A16 ya 2024 waliahidi miaka sita ya kuisasisha. Hiyo ni simu ya bei ya kati, si ya matajiri. Tena kioo chake nakipata hapa mjini bila kuagiza. Ukitaka kuchagua simu Zanzibar uliza kwanza kioo chake kinapatikana wapi.

Binti wa Chake, naishi Kwerekwe
Nimesoma tangu juu nimeshindwa kujizuia. Mnazungumza vioo na betri. Mie sijali tena simu gani.

Mamangu alikuwa Chake Chake, Pemba. Alikuwa hajui kuandika, kwa hiyo kila siku ananitumia sauti kwenye WhatsApp. Asubuhi sauti, usiku sauti. Nyengine dakika nne ananihadithia nani kaolewa, mvua imenyesha vipi, kuku kaangua wangapi. Nilikuwa nazisikiliza kwenye daladala nikirudi kazini, mara nyengine nilikuwa naziruka kwa sababu nimechoka. Mungu anisamehe.

Alifariki mwezi wa Shaaban. Wiki tatu baada ya msiba, mume wangu, ili anifariji, akaninunulia iPhone. Ile yangu ya zamani ya Android tukampa mtoto wa shangazi yangu, Pemba, na dukani walikoninunulia wakanambia usijali, tunakuhamishia kila kitu. Wakahamisha namba za watu na picha. Ile ya zamani wakaifuta pale pale mezani ili mtoto aianze upya. Nimefika nyumbani usiku, watoto wamelala, nikakaa barazani nikasema ngoja nimsikilize mama. Nikafungua WhatsApp. Tupu! Nimetafuta jina lake nikalikuta, ndani hamna hata neno moja. Nilikaa pale mpaka adhana ya alfajiri.

Miezi miwili sasa. Mume wangu sikumwambia, kwa sababu zawadi aliitoa kwa mapenzi na sitaki ajute.

Mama Sabra
Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Mdogo wangu nimelia hapa dukani wateja wananitazama.

Bi Mwani
Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Mie hesabu zangu za mwani si kitu tena.

Kijana wa Michenzani
Pole sana dada. Hapa nimenyamaza.

Mjukuu wa Kojani
Dada, kuna programu za kurudisha vilivyofutwa. Pakua yoyote.

Fundi Mkunazini
HAPANA. Dada usipakue chochote, nyingi katika hizo ni wizi wa picha na namba za siri. Nisikilize mie taratibu, maana bado kuna mlango.

WhatsApp ya Android huweka nakala ya akiba kwenye Google Drive, kwa akaunti yako ya Gmail. Nakala hiyo iPhone haiwezi kuifungua, ndiyo maana uliona tupu. Haina maana kwamba haipo. Kuhamisha mazungumzo kutoka Android kwenda iPhone kumewezekana tangu 2022, kwa programu ya Move to iOS, lakini ufanye siku ile ile unapoianza iPhone mpya, kabla ya kufuta ya zamani. Waliokuuzia hawakulifanya hilo.

Sasa fanya hivi. Kwanza kwenye iPhone yako hifadhi nakala ya WhatsApp kwenye iCloud, akiba ya mtandaoni ya Apple, ili ya miezi hii miwili usiipoteze. Kisha azima Android yoyote, ingia kwa Gmail ile ile uliyokuwa unatumia zamani, tia laini yako ile ile, weka WhatsApp. Itakuuliza kama unataka kurudisha nakala, kubali. Usibonyeze kuruka! Uwe na bando la kutosha au waifai, na simu iwe kwenye chaji. Usikawie, kwa sababu nakala isipoguswa zaidi ya miezi mitano inaweza kufutwa. Miwili, bado umo ndani.

Binti wa Chake, naishi Kwerekwe
Gmail yenyewe sikumbuki nywila. Alinifungulia kijana wa dukani miaka hiyo.

Mpiga Picha Chake
Namba yako ya simu ndiyo hiyo hiyo? Google watakutumia namba ya siri kwenye laini yako. Usikate tamaa.

Mwalimu wa Wete
Dada yangu, na grupu la familia je? Kaka na dada zako hawakutumiwa sauti na mama? Zile za kwenye grupu zimo kwenye simu zao. Waombe wasifute kitu.

Mama Sabra
Na umwambie mume wako. Mtu anayekununulia simu ili akufariji atataka kuujua msiba wako wote.

Mjukuu wa Kojani
Fundi, nakubali. Hili la mchele tutalizungumza siku nyengine.

Binti wa Chake, naishi Kwerekwe
Assalaam aleikum. Nimekaa kimya siku mbili, nisameheni.

Nilimwambia mume wangu. Hakusema kitu, alivaa viatu akaenda kwa ndugu yake Amani akaazima Samsung. Nywila ya Gmail tulihangaika nayo jana mchana kutwa, mara ya tatu ndiyo namba ya siri ikaja kwenye laini. Usiku baada ya isha tukaweka WhatsApp, ikaandika imeona nakala. Mie nilitoka nje, sikuweza kutazama. Aliniita yeye.

Zipo, alhamdulillahi. Si zote, za wiki ya mwisho hazimo kwa sababu nakala ilikuwa haijachukuliwa, na hizo ndizo alizokuwa anazungumza akiwa kitandani. Lakini za nyuma zimo, nimehesabu 212. Nimemtumia dada yangu zote, na mume wangu kazinakili kwenye kompyuta ya kazini kwake.

Kila moja anaanza vile vile, kama kwamba sitomjua: "Mwanangu, hii mie mamako, niko hapa Chake." Leo asubuhi nimeisikiliza moja niliyokuwa nimeiruka. Alikuwa ananiuliza kama zile kanga alizonipelekea zimefika, na mie sikumjibu.

Mama Sabra
Mungu amlaze pema peponi. Zivae.

Fundi Mkunazini
Alhamdulillahi. Dada, hiyo nakala ya kompyuta iwekeni na kwengine tena, mahali pawili.

Bi Mwani
Mwalimu, na weye simu umeshanunua?

Mwalimu wa Wete
Bado. Nadhani nitachukua Samsung, hapa Wete nimeulizia, kioo kipo. Lakini leo nimeshinda na hii iliyopasuka natoa nakala, na kwa kuwa nusu ya juu haisikii, kila kitufe cha juu inabidi niigeuze simu kichwa chini ndio nikifikie. Nimefika sauti za mwaka juzi.