Mjadala: Je, mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba?

Ndugu zangu,

Nimekuwa wakili wa mashauri ya ndoa kwa muda wa kutosha kulitambua swali hili kabla mteja hajalimaliza. Mama huja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, anahesabu miezi iliyobaki, kisha anauliza ni lini atalazimika kumkabidhi. Baba naye huja na hesabu hiyo hiyo. Wote wawili wameambiwa na wazee, na mara nyingine hata na wajumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa, kwamba sheria ya Tanzania humpa mama miaka saba ya kwanza na kumpa baba iliyosalia.

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto kuliko jambo jingine lolote, kisha izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii ya wahusika. Miaka saba inatajwa mahali pamoja tu: mtoto aliye chini ya umri huo hudhaniwa kuwa heri akae na mama yake, dhana ambayo ushahidi waweza kuipindua, na papo hapo mahakama inakumbushwa madhara ya kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamisha. Kwa mtoto aliyekwisha kuvuka miaka hiyo, kifungu hakimpendelei baba wala mama. Kimenyamaza, nasi tumeujaza ukimya huo kwa mila.

Naomba tujadili kama namba hiyo iondolewe. Mimi nasema iondolewe. Niliwahi kushughulikia shauri ambalo mtoto alichukuliwa getini mwa shule wiki ile ile aliyotimiza miaka saba, bila amri ya mahakama, na waliomchukua waliamini kwa dhati kwamba wanatekeleza sheria.

Wala tusiisingizie dini moja kwa moja. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, umri wa miaka saba hivi ni umri wa kupambanua mambo, na mtoto aliyeufikia huulizwa anataka kukaa na nani. Huko ni kuulizwa, si kuhamishwa.

MCHANGO WA KWANZA

Wakili, nakuheshimu, lakini kuna neno umelikwepa. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Mahari ilitolewa, ukoo ukashuhudia, mtoto akapewa jina la babu yake. Akikulia ugenini kwa mume mwingine wa mama yake, nani atamfundisha miiko ya kwao? Sheria iliyotaja mila haikuzitaja kwa bahati mbaya.

MCHANGO WA PILI

Mimi ni mwanamke wa Morogoro, na kwetu Waluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama. Tukisema mila ziamue, mchangiaji aliyetangulia atashinda kwao na kushindwa kwetu, hata kama mtoto ni mmoja na wazazi ni wa kabila mbili tofauti. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliandikwa kwa ajili ya jamii za ukoo wa baba. Sisi hatumo humo.

Hata hivyo sikubaliani na Wakili kuhusu kuiondoa namba. Mama maskini huingia mahakama ya mwanzo peke yake, hana shahidi wa maana wala fedha za nauli ya kumleta. Dhana hiyo ndiyo ngao pekee aliyo nayo. Ukimnyang'anya kwa sababu wengine wameielewa vibaya, utakuwa umemwadhibu asiyekosa.

MLETA MADA

Nianze na Mzee. Methali yako ni ya kweli, ila inazungumzia nasabu: inatueleza mtoto ni wa nani, haituelezi nani amwamshe alfajiri na kumpeleka zahanati. Mtoto anayelala kwa mama hapotezi jina la babu yake, na hakuna amri ya malezi niliyowahi kuiona iliyomvua mtoto ukoo. Miiko yaweza kufundishwa wakati wa likizo, na mahakama inaweza kuweka masharti ya mtoto kutembelewa na kwenda kwa upande wa pili. Lawama zangu ni kwa desturi ya kuchanganya mambo haya mawili, kana kwamba anayemlaza mtoto ndiye anayemmiliki.

Kwako, dada wa Morogoro, naona nilikosea. Nilitazama ofisini kwangu, ambako anayefika tayari ana uwezo wa kulipa wakili. Basi narekebisha pendekezo langu: dhana ibaki kwa watoto wadogo, lakini kifungu kiongezewe maneno kwamba kutimiza miaka saba peke yake si sababu ya kumhamisha mtoto, na kwamba asihamishwe bila amri ya mahakama.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Sheria inataka mtoto mwenye umri wa kutosha asikilizwe, lakini mtoto anayeulizwa mbele ya baba na mama waliokaa benchi moja hujibu kwa kumtazama anayemwogopa. Walioshuhudia mashauri katika mahakama za mwanzo watueleze: huko kwenu mtoto huulizwa faragha, au mbele ya wote?