Tupeane uzoefu: maneno ya kudhalilisha watu wenye ulemavu ndani ya sheria, mnayaandikaje upya?

Mfasiri_Dodoma
Wakuu, tangu Sheria Na. 1 ya 2021 iseme lugha ya sheria na mahakama Tanzania ni Kiswahili, tafsiri inakwama palepale. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 137, toleo la 2002: kosa ni kumwingilia mwanamke ambaye Kiingereza cha sheria kinamwita "idiot" au "imbecile". Kamusi inakupa zuzu, taahira, punguani. Mwathirika amekuja kutafuta haki, anasomewa tusi! Wenye uzoefu wa rasimu na hati za mashtaka, mnaandikaje?

BiMkubwa_Tanga
Taahira ndani ya sheria ya nchi? Hapana jamani. Nafuatilia.

Rasimu_na_Jedwali
Asili ya "idiot" na "imbecile" ni Uingereza. Sheria yao ya 1913 kuhusu upungufu wa akili iliwagawa watu madaraja manne, na maneno hayo mawili yalikuwa majina ya kitabibu ya madaraja ya juu ya ukali. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika za 1930 zikayabeba. Waingereza waliachana na madaraja hayo mwaka 1959.

Sasa angalia mtego. Wengi hutafuta neno na kulibadilisha, basi. Ukitoa "taahira" ukaweka "mwenye ulemavu wa akili" kwenye 137, sentensi inapendeza ila sheria imeharibika. Neno jipya ni pana kuliko la zamani: linamkusanya hata mwenye ulemavu mdogo anayejua vizuri anachokubali. Mpenzi wake aliyemridhia anageuka mhalifu, na yeye ananyang'anywa haki ya kupenda.

Kwa hiyo chambua kwanza. Neno likiwa jina tu, la fomu, bodi au wodi, badilisha bila wasiwasi. Likiwa sehemu ya kosa, ondoka kwenye hali ya mtu, andika kuhusu ridhaa: je, aliweza kukataa, na mshtakiwa alijua kwamba hawezi? Uingereza walikwenda njia hiyo, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003, kifungu cha 30. Likiwa kipimo cha uwezo, mathalani kwenye mkataba, wosia au kura, usiliguse kabla ya kukubaliana kipimo kipya.

Halafu kifungu cha mpito, yaani kinachounganisha jina la zamani na jipya. Marekani, mwaka 2010, Sheria ya Rosa ilipobadilisha jina la ulemavu wa akili katika sheria za shirikisho, iliandika wazi kwamba jina jipya halibadilishi nani anastahili nini, na kwamba kanuni zenye jina la zamani zisomwe kwa jina jipya. Ukikisahau, mwenye cheti cha zamani atarudishwa dirishani.

Karani_wa_Mashtaka
Hati ya mashtaka haihitaji kusubiri Bunge. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 135, inataka kosa lielezwe kwa ufupi na kwa lugha ya kawaida, pamoja na namba ya kifungu. Hati haibadilishi kosa lenyewe, kwa hiyo taja 137, kisha kwenye maelezo ya kosa andika "mwanamke mwenye ulemavu wa akili, jambo ambalo mshtakiwa alilijua". Usiache hilo la kujua. Ukiliacha, hati ina kasoro, na heshima yote ya maneno haitaiokoa.

Mtumishi_Kata
Kuepusha ugomvi andikeni "wenye mahitaji maalumu", mmemaliza.

Ishara_Zetu
Hujamaliza, umeficha. Mjamzito ana mahitaji maalumu, mzee pia. Sheria Na. 9 ya 2010 inasema watu wenye ulemavu. Na viziwi msitubatize "wasiosikia": chama chetu ni Chama cha Viziwi Tanzania, jina tumelichagua wenyewe. Tusi ni "bubu".

Mtumishi_Kata
Lakini wasioona wanakataa "kipofu". Tufuate lipi?

Ishara_Zetu
Kila kundi na jina lake, ndugu. Waulize kabla ya rasimu kwenda kwa mchapaji. Wenye ualbino watakwambia zeruzeru halikubaliki kabisa.

Wakili_Kampala
Ndugu zangu, mnasahau mahakama. Uganda lilipelekwa ombi Na. 64 la 2011 dhidi ya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, maneno yaleyale mawili. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba yanadhalilisha na yanakwenda kinyume na Katiba. Miaka minne!

BiMkubwa_Tanga
Allahu Akbar. Hii ndiyo habari.

Nyeri_Sheria
Kenya tuko mbele: Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomshushia hadhi.

Rasimu_na_Jedwali
Soma pia Ibara ya 83 na ya 99, dada. Katiba hiyohiyo inamzuia kupiga kura na kugombea ubunge mtu "asiye na akili timamu", bila kusema nani anapima wala kwa kipimo gani.

Nyeri_Sheria
Hilo silipingi. Linaniuma.

Mfasiri_Dodoma
Nimenakili. Kichwa cha kifungu nacho kinabadilishwa?

Karani_wa_Mashtaka
Kichwa, maelezo ya pembeni, jedwali la yaliyomo, na faharasa. Neno la zamani hupenda kubaki kwenye faharasa.